Mayday: yowe ambalo Avianca 52 haikupiga

Usiku wa tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya shirika la ndege la Avianca la Kolombia iliishiwa mafuta ikiwa angani. Injini zilizimika, ikaanguka kwenye mteremko wenye miti huko Cove Neck, kisiwani Long Island, maili kama 15 tu kutoka uwanja wa John F. Kennedy (JFK) wa New York ilikokuwa ikienda. Ndani mlikuwa na watu 158. Walikufa 73, wakaokoka 85, wengi wao wakiwa wameumia vibaya. Ndege haikushika moto, kwa kuwa matangi yalikuwa makavu.

Ndege hiyo haikuanguka kimya. Kwa takriban dakika 50 kabla ya kugonga ardhi, ilikuwa ikizungumza na waongoza ndege wa Marekani na kuwaeleza habari za mafuta. Ilisema inahitaji kipaumbele. Ilisema mafuta yanakwisha, ikasema tena, na tena. Kila mara ilijibiwa vizuri, ikapewa mwelekeo wa kufuata na urefu wa kuruka. Hakuna aliyekataa kuisaidia. Neno ambalo dunia nzima ya anga ilikuwa imekubaliana nalo tangu 1927, kwa ajili ya hali ya namna ile ile, halikutamkwa hata mara moja.

Kisa hiki kinapotajwa, watu hupenda kusema marubani hawakujua Kiingereza. Siukubali uamuzi huo, na kuuachia hapo ni kuwaonea wafu. Aliyekuwa kwenye redio alisema kwa Kiingereza kinachoeleweka kwamba wanaishiwa mafuta. Shida iko mahali pengine, na ili kuiona inabidi kwanza tujue neno "mayday" lilitungwa na nani, na lilitungwa litatue tatizo gani.

Croydon, 1923

Katika miaka ya mwanzo ya 1920, uwanja mkuu wa ndege wa London ulikuwa Croydon, kusini mwa jiji. Safari nyingi zilikuwa za kwenda na kurudi Le Bourget, Paris. Ndege zilikuwa dhaifu, injini zikikata mara kwa mara, na katikati palikuwa na bahari nyembamba ila baridi kali. Meli zilishakuwa na wito wao wa hatari, SOS, uliokubaliwa kwenye mkutano wa Berlin wa 1906. Lakini SOS iliundwa kwa ajili ya Morse, ile lugha ya milio ya telegrafu: nukta tatu, vistari vitatu, nukta tatu. Ni mdundo wa kusikika sikioni kwa mtu aliyevaa spika za telegrafu. Haikuundwa itamkwe kwa mdomo.

Rubani wa ndege ndogo hana mkono wa ziada wa kugonga Morse huku ndege ikimshuka. Alianza kupewa redio ya sauti, na hapo SOS ikaonyesha udhaifu wake. Kwenye redio za wakati ule, zenye mikwaruzo tele, herufi "S" ilikuwa ngumu kuitofautisha na nyingine, kwa mfano "F". Wito wa kuomba kuokolewa ambao msikilizaji lazima aulize "umesema nini?" haufai.

Kazi ya kutafuta neno jipya alipewa Frederick Stanley Mockford, ofisa mwandamizi wa redio pale Croydon. Alitakiwa apate neno litakaloeleweka mara moja na marubani pamoja na watu wa ardhini, wa upande wa Uingereza na wa Ufaransa. Kwa kuwa mazungumzo mengi yalikuwa baina ya Croydon na Le Bourget, alichukua Kifaransa: "m'aider", kama katika "venez m'aider", yaani njooni mnisaidie. Mwingereza akilisikia, masikio yake hulipokea kama "mayday". Halina uhusiano wowote na Mei Mosi na maandamano ya wafanyakazi, ingawa tahajia yake hudanganya.

Mwezi Februari 1923 wito huo ulianza kutumika kwa safari za kuvuka bahari ile, na miaka minne baadaye, mwaka 1927, mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Washington uliupitisha kuwa wito rasmi wa sauti wa hatari, mwenzake SOS. Chini yake ukawekwa wito wa daraja la pili, "pan-pan", kutoka neno la Kifaransa "panne", hitilafu. Pan-pan husema kuna tatizo la haraka. Mayday husema maisha ya watu yako hatarini sasa hivi.

Tazama Mockford alifanikiwa nini. Alipata neno la silabi mbili ambalo halitokei katika mazungumzo ya kawaida ya ndege. Halina sarufi. Huhitaji kujua kulipatanisha na nafsi wala wakati. Hutamkwa mara tatu mfululizo ili lisichanganywe na neno jingine, na ili mtu anayesimulia tu habari za mayday ya mwenzake asidhaniwe kuwa ndiye anayezama. Likishasemwa, wengine wote kwenye masafa yale hunyamaza. Halafu ndipo linafuata jina la ndege, shida ni nini, rubani anataka kufanya nini, yuko wapi, kwa urefu gani, na watu wangapi wamo ndani.

Vijijini kwetu yowe lilikuwa na kazi hiyo hiyo. Likipigwa usiku, hakuna anayekaa kitandani kujiuliza kama aliyelipiga ametumia maneno sahihi, au kama shida yake ni kubwa kuliko ya jirani mwingine. Watu hutoka na walichonacho mkononi. Maswali huja baadaye. Aliyepiga yowe hahitaji kushawishi mtu. Mzigo umeshahama kwake, umekwenda kwa waliomsikia.

Avianca 52 haikupiga yowe. Ilieleza hali yake, kwa adabu.

Dakika 77 za kuzungushwa

Ndege iliruka kutoka Medellín saa 9:08 alasiri kwa saa za New York, ikiwa na abiria 149 na wafanyakazi 9. Rubani mkuu alikuwa na miaka 51, mhandisi wa ndege 45, rubani msaidizi 28. Kiingereza cha rubani mkuu kilikuwa kidogo, kwa hiyo redio yote ilikuwa mikononi mwa yule kijana.

Pwani ya mashariki ya Marekani ilikuwa na hali mbaya ya hewa siku hiyo: mawingu ya chini, ukungu, na upepo unaobadilika ghafla kadiri unavyoshuka. JFK ilikuwa inapokea ndege taratibu, na foleni ya angani ikarefuka kuelekea kusini. Avianca ilisimamishwa mara tatu. Juu ya Norfolk, Virginia, ilizungushwa dakika 19. Karibu na Atlantic City, dakika 29. Halafu kwenye mahali pa kusubiria angani paitwapo CAMRN, maili 39 kusini mwa JFK, dakika nyingine 29. Jumla saa moja na dakika 17 za kuzunguka mahali pamoja huku injini nne zikinywa.

Muda wote huo marubani hawakuwasiliana na ofisi ya safari ya shirika lao kuuliza wafanye nini, na ofisi nayo haikuwatafuta. Hili ni kosa, na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ililiandika kama kosa. Rubani anayeona akiba yake inaliwa kwenye foleni anatakiwa kuamua mapema: nabaki, au naenda kwingine wakati bado naweza. Uamuzi huo haukufanywa hadi nafasi ya kuufanya ikapita.

Saa 2:44 usiku, wakiwa bado CAMRN, waliambiwa watarajie ruhusa ya kuendelea saa 3:05. Hapo rubani msaidizi akasema kwa mara ya kwanza: nadhani tunahitaji "priority", kipaumbele. Mwongoza ndege akauliza swali zuri kabisa: mnaweza kusubiri kwa muda gani, na uwanja wenu wa akiba ni upi? Akajibiwa kwamba wanaweza kusubiri dakika tano hivi, basi. Uwanja wa akiba ulikuwa Boston, lakini nadhani umejaa ndege. Akaombwa arudie jina la uwanja. Akasema: ulikuwa Boston, lakini sasa hatuwezi kufika, tutaishiwa mafuta.

Sentensi hiyo ya mwisho ingetosha kusimamisha nywele. Ndege isiyo na uwanja wa akiba ina mahali pamoja pa kutua, na ikipakosa inaangukia popote. Mwongoza ndege wa pili, aliyekuwa akisikiliza masafa hayo hayo, alipiga simu kwa wenzake wanaopokea ndege karibu na New York, akawaambia Avianca 52 inaweza kusubiri dakika tano tu. Habari ya Boston hakuisikia, maana wakati inasemwa yeye alikuwa kwenye simu. Wenzake wakasema leteni.

Saa 2:47 ndege ikatolewa kwenye foleni. Hapa ndipo moyo wa kisa ulipo, ingawa wasimuliaji wengi hukimbilia dakika za mwisho. Kwa waliokuwa ndani ya chumba cha marubani, jambo limekwisha: tumeomba kipaumbele, tumeeleza mafuta, na papo hapo tumeitwa. Kinasa sauti kinawaonyesha baadaye, wakiwa wanashuka, wakiambiana kwa Kihispania kwamba wale wa chini wameshajua hali ni mbaya, kwamba wanapewa kipaumbele. Chini, hali ilikuwa nyingine kabisa. Mwongoza ndege aliyewapokea alijua tu kwamba ni ndege iliyochoka kusubiri, na usiku ule zote zilikuwa zimechoka kusubiri. Akawapanga kwenye mstari kama nyingine yoyote, tena akawageuza mzunguko mzima mmoja ili kupata nafasi kati yao na ndege ya mbele.

Maelezo yana tabia hiyo. Hupungua kila yanapopita mkononi. Wa kwanza anasikia "hatuwezi Boston, tutaishiwa mafuta". Wa pili anapokea "dakika tano". Wa tatu hapokei kitu. Ndege ikitangaza mayday, tangazo hilo hushikamana na jina lake. Kila anayeipokea hukabidhiwa kwanza habari kwamba hii iko hatarini, kabla ya mwelekeo na urefu. Hata asiyeelewa sababu anajua la kufanya: aondoe wengine njiani.

"Mwambie tuna dharura"

Saa 3:23 usiku, ndege ikikaribia njia ya kutulia ya 22 Kushoto, upepo uliipokonya kasi, ikashuka chini ya mstari uliopaswa kufuatwa. Mtambo wa tahadhari ukaanza kupiga kelele kwamba wanyanyue. Rubani mkuu akauliza: njia iko wapi? Akauliza tena. Siioni, akajibiwa. Wakaondoka bila kutua.

Mazungumzo yaliyofuata, ya muda usiozidi dakika mbili na nusu, ni ya kusomwa polepole. Rubani mkuu, kwa Kihispania: waambie tuna dharura. Rubani msaidizi akabonyeza redio na kusema kwa Kiingereza: sawa, mwelekeo 180, tutajaribu tena, tunaishiwa mafuta. Mnara ukajibu: okei. Rubani mkuu hakuelewa kilichosemwa. Akarudia: mwambie tuna dharura. Umemwambia? Ndiyo bwana, nimeshamwambia.

Hajamwambia. Amemwambia kitu kingine, ambacho kwa akili yake kilikuwa kitu kile kile. Tena amekiweka mwishoni mwa sentensi, nyuma ya mwelekeo na nia ya kujaribu tena, mahali ambapo sikio la mwongoza ndege mwenye shughuli nyingi limeshapata linachotaka na limeanza kumwendea mwingine.

Wakahamishiwa masafa mengine, kwa mwongoza ndege mwingine. Rubani mkuu: mwambie hatuna mafuta. Rubani msaidizi, hewani: tunapanda futi 3,000, na tunaishiwa mafuta, bwana. Jibu: okei, shika mwelekeo 080. Rubani mkuu akauliza tena kama wameshaambiwa. Akajibiwa ndiyo.

Halafu, saa 3:26, ukaja mlango uliokuwa wazi kabisa. Mwongoza ndege aliwaambia atawapeleka kama maili 15 kaskazini mashariki kisha awarudishe, na akauliza: hilo ni sawa kwenu na mafuta yenu? Rubani msaidizi akajibu: nadhani ni sawa, asante sana.

Rubani mkuu akauliza jamaa amesema nini. Mhandisi akajibu: jamaa amekasirika.

Ukisoma maneno ya mwongoza ndege kwenye karatasi, hayana hasira. Ni swali la kumjali mtu. Lakini wanaume watatu waliokuwa juu walikuwa wamechoka, wameshindwa kutua, na sauti za New York ziliwafikia kama za kukemea. Kijana wa miaka 28, anayezungumza lugha ya pili na mtu anayemdhania amekasirika, mbele ya mkubwa wake wa miaka 51, anaulizwa swali la ndiyo au hapana. Akachagua jibu lisilomuudhi yeyote. Nani kati yetu, aliyelelewa na "samahani" na "naomba" na kutokujibizana na wakubwa, hajawahi kutoa jibu kama hilo?

Saa 3:30 walipoambiwa wapande tena futi 3,000, rubani msaidizi alikataa nusu: hapana bwana, tunaishiwa mafuta, lakini sawa, 3,000. Wakaambiwa wao ni wa pili kwenye mstari. Saa 3:32 injini namba nne ikazima, na sekunde chache baadaye namba tatu. Na hata hapo, injini mbili zikiwa zimekufa, ujumbe uliokwenda hewani ulikuwa: tumepoteza injini mbili, tunahitaji "priority", tafadhali.

Walipewa mwelekeo wa kurudi. Wakaulizwa baadaye kidogo kama wana mafuta ya kuwafikisha uwanjani. Hakuna aliyejibu.

Neno "priority" lilitoka wapi

Rubani msaidizi hakulitunga. Waraka wa Boeing kwa marubani wa 707, kuhusu kuruka na mafuta kidogo sana, ulielekeza kwamba waongoza ndege waombwe huduma ya kipaumbele, na neno lililotumika ni hilo hilo, "priority". Katika uchunguzi ilielezwa pia na rubani mwingine wa Avianca kwamba mafunzo waliyopata yaliwaacha wakiamini kuomba "priority" na kutangaza dharura kuna uzito uleule. Kijana yule alitumia msamiati aliofundishwa na waliotengeneza ndege. Kwa waongoza ndege wa Marekani neno hilo halikuwa na kitufe linalokibonyeza. Walisema wazi kwamba "mayday" au "emergency" ndiyo yangewafanya waache kila kitu. Maneno kama "tunaishiwa mafuta" waliyasikia mara kwa mara kutoka kwa marubani wanaotaka kusogezwa mbele.

NTSB, katika ripoti yake ya 1991, iliweka chanzo kikuu kwa marubani: walishindwa kusimamia mafuta, na walishindwa kuwaambia waongoza ndege kwamba wako katika dharura ya mafuta kabla hayajaisha. Pembeni ikataja mpangilio mbovu wa foleni uliofanywa na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, na ukosefu wa maneno sanifu yanayoeleweka kwa pande zote kuhusu mafuta machache na mafuta ya dharura.

Ningeibadilisha mizani hiyo. Marubani walikosea, sipingi. Lakini mfumo ambao mtu akisema "tutaishiwa mafuta" jibu sahihi linaweza kuwa "okei" ni mfumo uliokuwa umeusahau msingi wa Croydon. Mockford alikabidhi neno la kumtoa mtu kwenye kazi ya kujieleza. Baada ya miaka zaidi ya 60, neno lile lilikuwa limegeuka kuwa la aibu, la mwisho kabisa, la filamu. Rubani anayelitamka anajiona amekiri kushindwa, na Marekani anaweza kutakiwa kuandika maelezo ndani ya saa 48 kwa nini alipewa upendeleo. Chini yake pakamea maneno laini ya kati, kila shirika na lake, kila kiwanda na lake. Maneno laini hayo ndiyo yaliyosikika hewani usiku ule.

Na sisi huku hatuko mbali na jambo hili. Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Entebbe: rubani na mwongoza ndege ambao wote wamekulia Kiswahili huzungumza Kiingereza kwenye redio, kama taratibu zinavyotaka, na wote wawili wamebeba malezi ya kuomba kwanza na kudai baadaye. Kwa mtu wa malezi hayo, neno lisilo na adabu wala utovu wa adabu, ambalo halimwombi mtu wala halimkaripii, ni zawadi.

Kilichobadilishwa

Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha viwango vya ufasaha wa lugha kwa marubani na waongoza ndege, vikaanza kutumika Machi 2008, na Avianca 52 ni kati ya ajali zilizotajwa kama sababu. Ni hatua njema. Ila mtihani wa lugha hauwezi kupima kama mtu atamkatiza mwenzake anayedhani amekasirika.

Mabadiliko yaliyogusa penyewe yalikuja Novemba 2012. Kanuni za ICAO ziliweka ngazi mbili tu za kusema kuhusu mafuta, kwa maneno ambayo hayabadiliki. Ya kwanza ni "minimum fuel": rubani anamwambia mwongoza ndege kwamba ameshafungwa na uwanja mmoja, na ucheleweshaji wowote utamfanya atue akiwa amegusa akiba ya mwisho. Hii si dharura bado, lakini mwongoza ndege sasa anajua. Ya pili ni "mayday mayday mayday fuel". Hutangazwa pale hesabu inapoonyesha kwamba ndege itatua kwenye uwanja salama ulio karibu zaidi ikiwa na mafuta pungufu ya akiba ya mwisho, ambayo kwa ndege ya jeti ni ya dakika 30 za kuzunguka. Rubani hana hiari hapo. Kanuni inamtaka atangaze.

Angalia kinachosemwa: mayday hutangazwa hesabu inapogeuka, wakati matangi bado yana kitu, hata kama injini zote zinanguruma vizuri. Ukiipima Avianca 52 kwa kanuni hiyo, jibu liko kwenye saa zenyewe. Alipotamka "priority" saa 2:44, ilibaki dakika 48 injini ya kwanza izime. Walipofika kwenye njia ya kutulia saa 3:23 wakiwa wamefuata mstari kama wengine, walikuwa na dakika tisa. Akiba ya dakika 30 ilikuwa imeshaguswa mapema, hewani, wakiwa wanapangwa nyuma ya ndege nyingine. Kwa hiyo "minimum fuel" ilipaswa kusemwa CAMRN au hata kabla, Atlantic City. Na mayday mara tatu ilipaswa kusikika pale pale CAMRN, katika jibu la swali la mwongoza ndege aliyeuliza wanaweza kusubiri kwa muda gani, wakati kila mtu aliyekuwa kwenye masafa yale bado alikuwa na muda wa kunyamaza na kuwapisha.